Kiwango cha Kodi Kiandikwe Mara Moja: Kuunganisha Aina za Metadata

Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka 16% hadi 14%, kisha Januari 2021 ikairudisha 16%. Kwa kampuni yenye matawi Nairobi, Mombasa na Kisumu, swali lilikuwa moja: kiwango hicho kimeandikwa mara ngapi ndani ya programu?

Kwenye Salesforce, kanuni kama hizi huwekwa katika aina maalumu za metadata, ambazo majina yake ya ndani huishia na __mdt. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuunda aina moja tu, Tawi, na kujaza kodi katika kila rekodi yake. Kiwango kikibadilika, tawi litakalosahaulika litaendelea kutoa ankara zenye kodi ya zamani, na anayeumia ni mteja.

Unda aina mbili. Anza na Nchi, yenye sehemu ya kiwango: Kenya 16, Uganda 18. Kisha unda Tawi, na unapoongeza sehemu mpya chagua ile ya uhusiano wa metadata, uielekeze kwa Nchi. Sasa Kisumu haibebi namba yoyote. Inasema tu kwamba iko Kenya. Utaratibu huu usiugeuze, kwa sababu huwezi kuelekeza kwa kitu ambacho hakijaundwa.

Uhusiano huu unaweza pia kuelekeza kwa jedwali la mfumo wenyewe, au kwa safu moja ndani ya jedwali hilo. Hapo ndipo wengi hukwama. Safu haichaguliki peke yake: lazima kwanza uwe na sehemu ya uhusiano inayotaja jedwali, ndipo ile ya safu iitegemee. Usumbufu huo unalipa, maana unachagua kwenye orodha badala ya kuandika jina kwa mkono, na herufi moja iliyokosewa inaweza kukupotezea siku nzima ukitafuta hitilafu.

Ila usijaribu kuelekeza kwa rekodi ya mteja au ya mauzo. Hiyo ni data ya kila siku, na uhusiano wa metadata haufiki huko.

Fanya yote haya kwanza kwenye mazingira ya majaribio. Ukihamishia kwenye mfumo halisi, beba rekodi za Nchi pamoja na za Tawi, kisha toa ankara moja ya kila nchi uihakiki kabla wauzaji hawajaanza kazi.