Chakula cha Mtoto wa Chuoni: Mas'ala ya Nafaqa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Amma baad. Watoto wa Kihonda, katika mji wa Morogoro, hushika njia mbili kwa siku moja: asubuhi huenda skuli, na baada ya adhuhuri huenda chuoni kusoma Kurani. Baina ya safari mbili hizo lipo tumbo la mtoto, nalo wazee wengi wamelisahau. Baba humpa mwanawe sarafu ya shilingi 200 akaona amekwisha timiza wajibu. Mtoto huipeleka mlangoni pa chuo, akanunua barafu ya rangi au pipi, kisha akaketi mbele ya juzuu yake. Mara kichwa chaanguka kwa usingizi, na bakora ikamwamsha. Bakora hiyo yampiga asiye na kosa.

Mas'ala ni haya: je, sarafu ile yamwondolea baba wajibu wake? Maulamaa wa Kishafii wamefarikisha baina ya nafaqa mbili. Nafaqa ya mke ina kipimo: mume tajiri vibaba viwili kwa siku, maskini kibaba kimoja, na wa kati kibaba kimoja na nusu. Ama ya mtoto haina kipimo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijriya, katika kitabu chake Minhaji ameihukumu kuwa ni kifaya, yaani kiasi cha kumtosha. Na katika kutosha huangaliwa umri wake na haja yake. Mtoto wa miaka minane atembeaye kwa miguu kutwa na kuhifadhi aya, kifaya chake si pipi. Tena kwa Shafii ununuzi wa asiyebaleghe hausihi. Vipi basi akabidhiwe yeye kujinunulia nafaqa yake?

Wala isidhaniwe kuwa shibe ndiyo lishe. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, wapatao 30 wamedumaa. Mtoto aweza kujazwa ugali na asikue sawasawa, kwa kukosa kunde, dagaa, mayai, mboga na matunda. Ama soda, chupa ya mililita 350 kwa kawaida huwa na sukari ipatayo gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imeruhusu kula na kunywa, ikakataza kupita kiasi. Na ni nani atiaye vijiko tisa katika kikombe kimoja?

La ajabu ni kuwa mji huu uko miguuni pa milima ya Uluguru. Ndizi na mananasi ya Kinole na Matombo, na mboga za Mgeta, hushuka hadi soko la Chifu Kingalu, na mtoto wa Kihonda yuala vilivyokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi.

Dawa yake si gharama mpya. Watoto 30 wenye shilingi 200 kila mmoja ni shilingi 6,000 kwa siku. Wazee wakizikusanya, ni fedha ya chungu cha uji wenye karanga, siku nyingine kunde, siku nyingine ndizi. Karanga zenye ukungu zitupwe. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu ya mahindi yaliyoota ukungu. Chai isinywewe pamoja na kunde, kwani huuzuia mwili kupata madini ya chuma, chungwa huusaidia.

Na chakula chenyewe ni darasa. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto, mkono wake ukizunguka sahanini, Mtume (s.a.w.) akamfundisha kupiga Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia na kula mbele yake.

Ama yatima na mtoto wa fukara asiye na sarafu, akikosa jamaa wa kumlisha, nafaqa yake huwaangukia Waislamu wenye uwezo. Ataketi katika sinia lile lile, wala majina ya waliolipa yasisomwe mbele ya watoto.