Kishindo si Mwendo

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii niliisoma tangu shule ya msingi, nikaitia katika insha mara nyingi na kupata alama. Lakini maana yake barabara nilikuja kuijulia kwenye hori ya Mtwapa, likizo ya Agosti, nikiwa na saa mkononi na aibu usoni.

Mjomba wangu ni fundi wa mashine za boti, zile zinazopachikwa nyuma ya chombo. Asubuhi moja alikuja nahodha kijana anayebeba wageni. "Shikamoo fundi. Nataka uniwekee ekzosi ya mbio," alisema. Alikuwa ameona boti ya watu ambayo mguu wa mashine yake ulitobolewa na kuchomelewa bomba fupi lililo wazi, ikinguruma hadi ng'ambo. Mimi nikadakia, "Ukiiweka hiyo, kaka, boti itapaa!" Mjomba akanitazama tu. Baadaye nilijua kwamba pesa alizokuja nazo nahodha zilikuwa karo ya mdogo wake. Alitumai kuzirudisha kabla shule hazijafunguliwa. Neno langu lilikuwa limemsukuma.

Kazi ya ekzosi

Ekzosi ni njia ya kutolea moshi uliokwisha kutumika. Katika mashine nyingi za aina hii, moshi hushuka ndani ya mguu, ukapita katikati ya rafadha na kutokea majini. Maji huupoza na kuumeza mlio. Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya bomba ni kupunguza kelele basi, na kwamba njia ikiwa wazi zaidi nguvu nazo huzidi. Si hivyo.

Mashine ya nahodha ilikuwa ya mapigo mawili, ile ambayo petroli yake huchanganywa na oili. Humo, moshi unapotoka, mchanganyiko mpya wa hewa na petroli nao unaingia. Mlango wa moshi ukifunguka, wimbi la msukumo hukimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapopanuka, wimbi la mvuto hurudi nyuma na kusaidia kuvuta moshi uliobaki. Bomba likisinyaa tena huko mbele, hurudi wimbi la msukumo ambalo huurudisha ndani mchanganyiko mpya uliotaka kutoroka. Ni kama mwangwi. Lakini mwangwi huo una saa yake: mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.012 tu! Wimbi likiwahi au likichelewa, hudhuru badala ya kufaa. Ndiyo maana urefu na umbo la bomba hupigiwa hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyompa sifa Walter Kaaden, mhandisi wa pikipiki za MZ huko Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi, na mwaka wa 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za sisi 50 akiwa na Suzuki. Kwa hivyo bomba linaloongeza nguvu lipo kweli. Swali ni kama hili letu lilikuwa mojawapo.

Jinsi tulivyopima

Mjomba hakubishana na mtu. "Pesa yako kaa nayo kwanza," alimwambia nahodha. "Hebu tupime." Alikuwa na mguu wa akiba uliotoka kwenye mashine chakavu ya aina ile ile, akauchomelea bomba la wazi. Mimi nilipewa kamba ya mita 50. Niliipima mara 8 ukingoni, nikasimika vigingi viwili: mita 400 kamili.

Kisha akatupa sharti. Boti iwe ile ile, rafadha ile ile, watu wale wale, na petroli ya kiasi kile kile. Kibadilike kitu kimoja tu, mguu. "Ukibadilisha viwili kwa pamoja, mwanangu, hutajua kipi kimeleta nini."

Tulianza na mguu wa asili. Kufuata mkondo, sekunde 40. Kurudi dhidi ya mkondo, sekunde 50. Tukabadilisha mguu, na tulipomaliza, maji yalikuwa yakipwa kwa kasi zaidi. Lo! Mngurumo ule! Watoto walitoka mikokoni kuja kutazama. Nikaitazama saa: sekunde 38! Nahodha akapiga makofi, nami nikaruka nikisema, "Si niliwaambia!"

"Rudini," mjomba akasema.

Tukarudi. Sekunde 60.

Sasa njoo tupige hesabu. Mguu wa asili: 400 kwa 40 ni mita 10 kwa sekunde; 400 kwa 50 ni mita 8. Wastani ni mita 9. Bomba la wazi: kwenda karibu mita 10.5, kurudi karibu mita 6.7. Wastani ni mita 8.6. Zile sekunde mbili tulizoshangilia zilikuwa za mkondo, si za bomba! (Angalia: tunatafuta wastani wa mwendo, si wa sekunde.) Tulirudia mara tatu kila mguu, na kila mara bomba la wazi lilishindwa.

Mjomba akafungua plagi. Ya mguu wa asili ilikuwa ya kahawia. Hii ilikuwa nyeupe, dalili ya mashine kuchemka kwa kupungukiwa na petroli. Tungeendelea hivyo, pistoni ingeweza kuyeyuka. Na masikio yetu yalilia hadi jioni.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," mjomba alicheka. Nilimwomba nahodha radhi. Akarudi nyumbani na karo yote isipokuwa ya petroli tuliyochoma. Mjomba alikosa kazi ya siku ile, lakini sikumsikia akilalamika.

Wanachama wenzangu, sisemi kwamba kila ekzosi mpya ni ya bure. Mashine nyingine na bomba lililopigiwa hesabu huenda zingetoa jibu jingine. Nasema tu kwamba sikio si kipimo, na safari ya upande mmoja si ushahidi.

Zoezi: Boti ilikwenda mita 200 kufuata mkondo kwa sekunde 25, ikarudi kwa sekunde 50. Je, mwendo wake halisi ni upi, na mkondo ulikuwa na kasi gani? Atakayepata na aje atueleze klabuni.