SOMO: ZAMU NA MTIHANI



Sisi wa Mutanga Nord tu jirani na Chuo Kikuu cha Burundi, kilichofunguliwa mwaka 1964. Kila alfajiri tunaiacha kampasi mlimani, tunashuka viwandani. Wako wenzetu wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali ili nao wapate kuingia humo. Je, watasoma saa ngapi?

Mimi niliishia darasa la sita. Nikiwa kibarua nilijaribu mtihani wa kuingia shule ya ufundi. Nilisoma usiku baada ya zamu: umeme unakatika, macho yanafumba, ukurasa mmoja nausoma mara tatu. Nilishindwa. Sikuwa mvivu, ila kitabu nilikipa makombo ya siku.

Basi tushike haya:

1. Lala mapema, soma saa moja kabla ya kazi. Siku sita kwa wiki, miezi sita, ni zaidi ya saa 150.

2. Jumapili jibu mtihani wa zamani kwa kufuata saa, daftari limefungwa.

3. Someni watatu watatu. Anayejua hesabu awafundishe wengine.

4. Tarehe ikitangazwa, omba ruhusa mapema kwa maandishi. Nakala moja mpe mjumbe wa chama.

Kubwa zaidi: anayetoka zamu ya usiku asiende moja kwa moja kwenye mtihani. Hapo ndipo umoja wetu unapopimwa.

Maswali ya kujadili: Katika idara yenu nani anasoma? Nani atamshikia zamu?