Masanduku ya Video

Mtu atazamapo video huona watu wakitembea na maji yakienda. Kumbe hapana hata picha moja iendayo. Video ni picha nyingi zilizosimama, zionyeshwazo upesi moja baada ya moja, mara nyingi 24, 25 au 30 kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenga, basi huona mwendo.

Kompyuta huandika kila picha kwa tarakimu. Picha yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3, yaani moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, picha hiyo yahitaji baiti 6,220,800. Picha 25 za sekunde moja zahitaji baiti 155,520,000. Arusi ya saa mbili isingeenea katika simu nyingi!

Kwa hiyo mzigo hubanwa. Tuseme jahazi lapita mbele ya ngome. Ngome haisogei, basi hapana haja ya kuiandika upya kila mara. Kompyuta huandika picha moja kamili, kisha katika zile zifuatazo huandika hasa yale yaliyobadilika. Kanuni ya kubana namna hii huitwa kodeki. Kodeki ya H.264 ilitolewa mwaka 2003, H.265, ibanayo zaidi, ilitolewa mwaka 2013.

Picha na sauti zikiisha kubanwa hutiwa pamoja katika faili moja, kama vitu katika sanduku. Jina la sanduku huandikwa mwisho wa jina la faili. MOV ni sanduku la Apple. AVI lilitolewa na Microsoft mwaka 1992. MP4 lilitokana na MOV, na leo hufunguliwa na simu na kompyuta karibu zote. MKV, lililoanza mwaka 2002, huweza kuchukua sauti za lugha nyingi pamoja na maandishi ya tafsiri. WebM lilitolewa na Google mwaka 2010 kwa matumizi ya intaneti.

Lakini sanduku silo yaliyomo. Faili mbili zaweza kuitwa MP4, moja ikafunguka na nyingine ikakataa, kwa sababu kodeki za ndani ni mbali mbali. Asiyejua hili hufuta jina AVI akaandika MP4, akadhani ameigeuza faili. Huko ni kuandika "sukari" juu ya gunia la chumvi. Mwingine huitupa faili akidhani imeharibika, na kumbe ndani yake mna uso na sauti ya bibi yake aliyekwisha kufa. Laiti angalitafuta programu ijuayo kodeki ile, angalimwona na kumsikia tena.

Tena, kila video ibanwapo upya kwa kodeki hizi hupotewa na kitu kidogo, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo mwenye busara huiweka faili ya kwanza salama, akawapelekea wenziwe nakala.

MASWALI
1. Kwa nini video hubanwa?
2. Eleza tofauti ya sanduku na kodeki.
3. Picha 30 za namna iliyotajwa juu zahitaji baiti ngapi?
4. Faili ikikataa kufunguka, yafaa kufanya nini kabla ya kuitupa?