Uvimbe wa Ini: Tujue Kwanza Umetoka Wapi



Katika ziara zetu za Ndhiwa na Muhuru tumeulizwa swali hili mara nyingi. Mgonjwa ameambiwa ana uvimbe kwenye ini, picha imepigwa, na sasa daktari anataka kumdunga sindano atoe kipande cha nyama kipelekwe maabara ya mbali. Ya nini tena? Wengine husema ati wanatafuta pesa tu. Kikundi kimoja tunachokijua kilifanya harambee, kikauza hata mbuzi, mgonjwa akatibiwa saratani ya ini. Kumbe ugonjwa ulianzia utumbo mkubwa, na dawa zake ni nyingine. Pesa zilikuwa zimekwisha.

Ini hupokea damu inayotoka matumboni, kwa hiyo mbegu za saratani ya sehemu nyingine hunasa humo kwa urahisi. Chini ya hadubini seli zake huweza kufanana na za saratani iliyozaliwa kwenye ini lenyewe kama mapacha. Hapo ndipo wataalamu hutumia kingamwili.

Kingamwili ni askari anayemtambua adui mmoja tu. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Köhler na Milstein walipata njia ya kuzitengeneza kwa wingi, zote za aina moja. Wavuvi mtaelewa upesi: mbuta hufuata chambo kwenye ndoana, lakini ngege hana haja nacho. Kingamwili nayo hushika protini yake tu. Isipoiona, huoshwa ikaenda. Kisha hutiwa dawa ya rangi, na pale iliposhika panageuka kahawia.

Iko moja iitwayo Hep Par 1, iliyoelezwa mwaka 1993, ambayo hushika seli za ini. CK7 na CK19 huelekeza kwenye mifereji ya nyongo. CK20 na CDX2 zikishika, CK7 ikikataa, daktari hushuku utumbo mkubwa. Lakini hakuna inayotosha peke yake. Hep Par 1 hushika hata ini zima lisilo na ugonjwa, na saratani kadhaa za tumbo pia. Ndiyo sababu hutumia kadhaa pamoja, na ndiyo sababu majibu huchelewa.

Kwa watoto tuwe macho zaidi. Huku kandokando ya ziwa kuna saratani ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na Dkt. Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Wengi wanaijua kwa kuvimbisha taya, lakini huingia tumboni pia, hata kwenye ini. Kingamwili ya CD20 husaidia kuitambua. Hukua haraka mno, lakini watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahishwa. Mzazi asizunguke kwa waganga wiki nzima.

Si kila mgonjwa hudungwa. Ini likiwa limejaa makovu, picha ya CT mara nyingine hutosha. Akidungwa, kipande kitiwe kwenye formalini mara moja, si maji. Baadaye hugandishwa ndani ya nta, na bloki hiyo hukaa miaka mingi. Mkihamia hospitali nyingine, ombeni bloki pamoja na ripoti, ili mgonjwa wenu asidungwe mara ya pili bure.

Maswali ya kujadili: Katika harambee yetu ya mwisho ya matibabu, tuliuliza ugonjwa umeanzia wapi? Nani kati yetu anaweza kumsindikiza mgonjwa na kumtunzia karatasi zake?