SOMO LA KEMIA: KIFUNGO CHA HIDROJENI KINAJULIKANA NAMNA GANI?

Ndugu wanafunzi, ubaoni tunaandika kifungo cha hidrojeni kwa nukta tatu: O–H···O. Lakini nani aliziona nukta zile? Hakuna. Basi, tunajua namna gani kama kifungo kiko?

Tuanze uwanjani. Mwalimu anaamuru: «Geuka kuume! Geuka kushoto!» Mutoto anayesimama peke yake anageuka mara moja. Wenye kushikana mikono wanachelewa, kwa sababu ni lazima kwanza waachane.

Molekile nyingi ziko na upande wa plus na upande wa minus. Tukiziweka katikati ya mabamba mawili yenye umeme, zinaelekea upande mumoja. Umeme ukigeuzwa nazo zinageuka, lakini zinachelewa kidogo. Peter Debye, aliyepata Zawadi ya Nobel ya kemia mwaka 1936, alionyesha namna ya kuhesabu muda huo. Tunaupima kwa pikosegonde: segonde 1 iko na pikosegonde 1 000 000 000 000.

Angalia, kwa 25 °C:
– asetoni (uzito wa molekile 58): karibu 3
– maji (18): karibu 8
– etanoli, alkoli ya pombe (46): karibu 160

Asetoni ni nzito kupita etanoli, lakini inageuka mbio zaidi, karibu mara 50! Sababu ni hii: asetoni haina O–H ya kushika mwenzake. Etanoli iko nayo, na molekile zake zinashikana kama munyororo.

Sasa tuyeyushe fenoli katika benzeni, halafu katika dioksani. Benzeni haina oksijeni. Dioksani iko nazo mbili, na H ya fenoli inashikwa pale. Kweli, katika dioksani fenoli inachelewa zaidi.

Lakini angalisho, tusihukumu upesi! Dioksani ni nene kupita benzeni, karibu mara mbili. Hata kijiko kinachelewa ndani ya asali, na hakuna anayekishika. Kwa hiyo tunapima pia klorobenzeni, yenye ukubwa karibu sawa na fenoli, lakini bila O–H. Ikichelewa, ni unene tu. Kile fenoli inachozidisha ndicho cha kifungo.

Maswali:
1. Anilini iko na N–H. Katika dioksani itachelewa? Uilinganishe na nini?
2. Maji yako na vifungo vingi. Mbona yanageuka mbio kupita etanoli? (Fikiri: mutu mwenye jirani wengi anabadilisha mukono upesi.)