Umeme wa Motokaa ya Mashindano: Jinsi ya Kuchagua Breka na Waya

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na mwaka 2021 yalirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia, yakafanyika pande za Naivasha. Watu husifu madereva, kama marehemu Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Husifu pia injini na magurudumu. Lakini ni wachache wanaosifu waya, na waya ukishindwa, injini hunyamaza, taa huzimika, au motokaa huwaka moto hali watu wawili wamefungwa mikanda ndani yake. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwaandikie wasomaji wa gazeti letu somo hili, hasa wanafunzi wa fizikia, maana hesabu zake ni zile zile tunazozifanya darasani.

Kazi ya breka ni nini?

Breka ninayoitaja hapa si ile breki ya magurudumu. Ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita sakiti breka, kinachokata umeme wenyewe mkondo unapozidi. Kazi yake ni ile ya fyuzi, ila fyuzi ikikatika imekwisha, lazima itiwe mpya. Breka hurudishwa kwa kubonyeza kitufe. Katika mashindano faida yake yaonekana wazi. Usiku, njia ni ya vumbi, dakika zinahesabiwa, na msaidizi wa dereva hawezi kutafuta fyuzi kwa kurunzi. Lakini akiwa na breka mbele yake zenye majina, aweza kuona ni ipi iliyoruka na kuirudisha mara moja.

Sasa nauliza swali ambalo wanafunzi wengi hulijibu vibaya. Breka hulinda nini? Wengi husema hulinda taa, au pampu, au redio. Sivyo. Breka hulinda waya. Taa ikiharibika, hasara ni taa tu. Lakini waya ukipitishwa umeme kupita nguvu zake, hupata moto, ganda lake huyeyuka, huunguza nyaya jirani, na ikiwa petroli iko karibu, habari yake mwaijua. Ukilishika neno hili moja, mengine yote yatafuata kwa urahisi.

Hatua ya kwanza: jua mzigo

Motokaa nyingi hutumia umeme wa volti 12. Kanuni yetu ni hii: wati ni sawa na volti mara ampea. Basi ukitaka ampea, gawanya wati kwa volti. Taa ya wati 60 huvuta ampea 5. Taa nne za ziada za wati 100 kila moja ni wati 400, nazo huvuta ampea 33 na zaidi kidogo. Taa za siku hizi za LED huvuta umeme mchache zaidi, lakini kanuni haibadiliki. Andika katika karatasi kila kitu kinachotumia umeme: taa, pampu ya petroli, feni ya rejeta, waipa, honi, na kadhalika, na mbele ya kila kimoja andika ampea zake.

Angalia jambo moja kuhusu vitu vyenye mota, kama feni na waipa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ule inaovuta ikisha shika mwendo. Tena waipa ikikwama kwa tope, mkondo hupanda na kubaki juu. Kwa hiyo breka ya mota yapaswa kuvumilia ule mshtuko wa kuanza, lakini isivumilie mkwamo.

Hatua ya pili: chagua waya

Waya huchaguliwa kwa mambo mawili: ampea utakazobeba, na urefu wa njia. Ukinzani wa waya wa shaba hupatikana hivi: zidisha 0.0175 kwa urefu wa mita, kisha gawanya kwa eneo la unene wake katika milimita mraba. Jibu ni omu.

Tufanye mfano. Taa mbili zinavuta jumla ya ampea 10, na waya unaozipelekea umeme una urefu wa mita 4. Tukitumia waya wa milimita mraba 1, ukinzani ni omu 0.07. Ampea 10 zikipita, volti 0.7 zapotea njiani. Mtu aweza kusema, volti 0.7 ni nini? Lakini mwanga wa taa yenye uzi wa kuwaka hupungua upesi sana kuliko volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Kwa volti 0.7 zilizopotea, dereva amekwisha poteza karibu sehemu moja katika tano ya mwanga wake. Tukitumia waya wa milimita mraba 2.5, zapotea volti 0.28 tu. Dereva anayekwenda kwa kasi usiku hutambua tofauti hiyo kabla ya kufika kwenye kona.

Hatua ya tatu: chagua breka

Breka lazima iwe kubwa kuliko mzigo na ndogo kuliko uwezo wa waya. Mzigo unaoendelea kwa muda mrefu usizidi asilimia 80 ya kipimo cha breka. Mathalani, feni ya rejeta inavuta ampea 16. Tunachukua waya wa milimita mraba 2 wenye ganda jembamba, ambao kwa kawaida hukadiriwa kubeba ampea 25. Breka ya ampea 20 yafaa: 16 ni asilimia 80 ya 20, na 20 ni chini ya 25. Lakini waya huo ukifungwa pamoja na nyaya nyingi zenye mzigo, hauwezi kupoa vizuri, na uwezo wake hupungua. Hapo ongeza unene wa waya. Usiongeze breka.

Nalisema hili kwa nguvu kwa kuwa ndiko watu wanakoangamia. Breka ya ampea 20 ikiruka mara kwa mara, fundi mwenye haraka huitoa akatia ya ampea 40, nayo hairuki tena. Mwenye motokaa hufurahi. Lakini hebu tufanye hesabu. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukiwa maradufu, joto ni mara nne. Yule mlinzi aliyekuwa akipiga kelele kwamba kuna mwizi amefukuzwa kazi, na mwizi yumo ndani bado. Tangu hapo waya wenyewe ndio umekuwa fyuzi.

Aina za breka

Breka nyingi za magari hufanya kazi kwa joto. Ndani yake kuna kipande cha madini mawili yaliyoshikana, ambayo hutanuka kwa viwango tofauti. Mkondo ukizidi, kipande hupata moto, hupinda, na kuachanisha njia ya umeme. Kwa kuwa kupinda huchukua muda, breka hii huvumilia mshtuko mfupi wa mota. Lakini ina udhaifu: ikiwekwa karibu na injini, joto la injini huichanganya, ikaruka kabla ya wakati wake. Basi mahali pake ni ndani, mbele ya msaidizi wa dereva.

Ziko ambazo hujirudisha zenyewe zikipoa. Hizi zimetumika katika taa kubwa za magari mengine, kwa hoja kwamba ni afadhali taa ziwake na kuzimika kuliko kuzimika kabisa. Lakini kukiwa na shoti, breka ya namna hii hukata, hupoa, na kuupelekea moto ule ule umeme tena na tena bila ya mtu kujua. Kwa motokaa ya mashindano naona ni bora ile ya kurudishwa kwa mkono. Tena ichaguliwe iliyoundwa hivi kwamba, hata mtu akishikilia kitufe chake, bado itakata ikiwa hitilafu ingalipo.

Sheria ya kitufe ni fupi. Ikiruka mara ya kwanza, zima kifaa kile, kisha irudishe. Ikiruka mara ya pili, iache, utafute sababu.

Kupanga njia za umeme

Kila kitu cha lazima kipewe breka yake. Pampu ya petroli isishirikiane na honi. Taa ya kushoto isishirikiane na ya kulia, ili moja ikipata hitilafu nyingine ibaki. Breka iwe karibu na chanzo cha umeme, kwa maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na breka hakina mlinzi. Waya mnene wa stata kwa kawaida hauna breka, kwa sababu stata huvuta mamia ya ampea. Kwa hiyo upitishwe mbali na mabomba ya petroli, na uvishwe ganda la pili.

Juu ya breka zote kuna swichi kuu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zataka swichi hii ikate umeme wote na kuizima injini pia, tena iweze kufikiwa kutoka ndani na kutoka nje. Ile ya nje huonyeshwa kwa alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe. Kumbuka kwamba kukata betri peke yake hakutoshi: alteneta ikizunguka bado yaweza kuilisha injini. Ndiyo sababu swichi hizi zina njia zaidi ya moja ndani yake. Wewe mtazamaji, ijue alama hiyo. Huenda siku moja mkono wako ukawa ndio ulio karibu.

Mwisho, mtikiso. Tumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba, si wa uzi mmoja mnene. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu, maana lehemu huufanya waya kuwa mgumu mahali pamoja, na hapo ndipo unapokatikia kwa kutikiswa. Kila tundu la bati unamopita waya livishwe mpira. Mahali pa kufungia waya wa bodi pakwanguliwe rangi mpaka bati ling'are. Kila waya uwe na nambari, na ramani yake ikae ndani ya motokaa, kwani atakayeutengeneza usiku huenda siye aliyeufunga mchana.

Wasomaji wengi hawatafunga umeme wa motokaa ya mashindano. Lakini wengi watajenga nyumba, watanunua matatu, au watakuwa mafundi. Fyuzi iliyozungushiwa kipande cha waya mnene ukutani mwa nyumba ni hatari ile ile, tena humo wamelala watoto.

Maswali ya kujaribu

1. Taa mbili za wati 96 kila moja ziko katika umeme wa volti 12, na kila moja ina waya wake. Kila waya wabeba ampea ngapi, na kila taa yafaa ipewe breka ya kipimo gani: ampea 5, 10 au 30? Eleza sababu.

2. Kila waya una mita 5 na unene wa milimita mraba 2. Volti ngapi zapotea njiani?

3. Fundi akuambia, "Nimetia breka kubwa, sasa hairuki tena." Mjibu kwa sentensi mbili.

Majibu yaletwe kwangu katika chumba cha sayansi kabla ya kufunga shule.